Uzi: Kutoa diski ya kuzunguka kwenye redio ya gari na kuweka SSD (diski ya chipu, isiyozunguka). Soma kabla hujashika bisibisi

Mzee wa Nyaya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda. Swali hili linarudi humu kwa sura tofauti: redio ya skrini inajizima na kujiwasha, ramani inakwama ikipakia, orodha ya nyimbo imepotea bila mtu kugusa kitu. Na kila anayeuliza anashauriwa "peleka wakaiflashi". Kabla hujaflashi chochote, yaani kupakia programu upya, jiulize redio yako inahifadhi wapi vitu vyake. Kwa magari mengi ya kati ya 2005 na 2015 hivi, yenye ramani na sehemu ya kutunza nyimbo ndani, jibu ni diski ya kuzunguka ya inchi 2.5, ndugu wa zile za laptop. BMW zenye CIC (majina kama haya ni ya mifumo ya redio) zina ya GB 80, na zilizofuata zenye NBT zina ya GB 200. Chrysler na Dodge zenye MyGIG zilianza na GB 20 zikaja GB 30. Audi za MMI 3G zimo, Mercedes kadhaa za COMAND zimo, na zile redio za Kijapani zilizoandikwa HDD (diski ya kuzunguka) usoni zimejitangaza zenyewe.

Diski hizi zilitengenezwa kwa ajili ya gari. Kwenye karatasi zinavumilia kuanzia nyuzi 30 chini ya sifuri hadi 85, na nyingi zinazunguka taratibu, mara 4,200 kwa dakika. Bado ni sahani inayozunguka na kichwa kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo sana kuliko unene wa unywele, ndani ya chombo kinachopita kwenye mashimo. Ipe miaka 10 au 15 ya maisha hayo, sekta (vipande vidogo vya diski vinavyotunza data) zinaanza kuoza, redio inaomba data, data haiji, redio inachoka kusubiri na kujizima.

SSD inatibu hilo. Ila niseme kitu ambacho video nyingi zinakipita haraka: kufunga SSD ni kazi ndogo. Skrubu nne, kebo moja, umemaliza. Kazi yenyewe ni kuisoma diski ya zamani yote, sekta kwa sekta, ikiwa bado ina uhai. Redio nyingi huwezi kuzisakinisha upya kama kompyuta. Programu, ramani, leseni ya ramani, sauti ya yule dada anayekuelekeza kona, vyote vinakaa mle. Ukiweka SSD tupu utaangalia nembo ya gari kwenye skrini mpaka uchoke.

Kwa hiyo ukiona dalili, acha tabia ya kuwasha "nione kama leo itakubali". Kila unapowasha unakiburuza kichwa kwenye eneo lililooza. Ukisikia tak, tak, tak kwa mpigo uleule, chomoa fyuzi ya redio kama haishiki kitu kingine cha maana, endesha kimya kimya mpaka upate nafasi ya kuishughulikia.

Kuitoa redio sielezi sana, kila gari lina mpangilio wake. Andika kodi ya redio pembeni kama gari lako linaiuliza, chomoa hasi ya betri, na subiri dakika kadhaa kabla ya kusogelea nyaya za eabegi.

Diski ikishatoka, ipeleke kwenye kompyuta yenye Linux. Redio nyingi za kundi hili zinatumia QNX (mfumo endeshi, kama Windows ilivyo kwa kompyuta), na Windows haielewi mafaili yake. Itakuambia diski haijafomatiwa, je uifomati? Au itataka kui-initialize. Jibu la yote mawili ni hapana. Ukibonyeza ndiyo, kuna kitu kimeandikwa juu ya diski ambayo ndiyo nakala pekee uliyonayo duniani.

Amri ni hizi, na hakikisha kwanza kwa lsblk (amri ya kuorodhesha diski) kwamba diski yako ndiyo sdb, maana sdb ya kwangu siyo sdb ya kwako:

hdparm -I /dev/sdb
ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img nakala.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img nakala.map

Ya kwanza inakusomea hali ya diski. Ya pili inachukua kila kinachosomeka kirahisi na kuruka pagumu. Ya tatu inarudi pagumu kujaribu tena. Lile faili la .map linakumbuka palipokwisha kusomwa, hivyo unaweza kusimama, kuiacha diski ipoe, ukaendelea ulipoishia. Usitumie programu ya kukopi mafaili. Hatutaki mafaili, tunataka diski nzima ilivyo, hata sehemu ambazo kompyuta inaona ni tupu.

Spana 13

Mzee umeandika vizuri ila sioni sababu ya mateso yote haya. Redio ya Android inakuja mpya, unachomeka, maisha yanaendelea. Nani anahangaika na diski ya 2009?

Mzee wa Nyaya

Spana, kwa gari ambalo redio ni redio tu, nakubaliana nawe asilimia mia. Toa, weka Android, usirudi nyuma.

Tatizo ni magari ambayo redio imebeba na mambo mengine. BMW, Audi na Mercedes za wakati huo zimeunganisha redio, amplifaya na simu kwa nyaya za mwanga, mfumo unaoitwa MOST, umepangwa kama duara. Ukichomoa kifaa kimoja bila kuliziba pengo, duara limekatika na sauti inapotea gari zima. Kuna magari mengine ambayo kamera ya nyuma, mipangilio ya taa na muda wa sevisi unaviona kupitia skrini hiyohiyo. Android nyingi za magari haya, ukichunguza, zinakaa juu ya redio ya zamani na kuitegemea kwa sauti. Yaani umenunua skrini mpya na diski inayokufa bado iko chini yake.

Spana 13

Hilo la kukaa juu ya redio ya zamani sikulijua. Naendelea kusoma.

Zege

Uzi mzuri. Naongezea jambo moja ambalo linawapoteza wengi: kufuli.

Diski za IDE na SATA (aina mbili za viunganishi vya diski, ya zamani na ya baadaye) zina nywila yake ndani, inaweza kufika baiti 32. Siyo ya kufunga mafaili, inafunga diski nzima. Baadhi ya redio huiweka, na kila zinapowaka zinaituma diski ifunguke. Ukikata umeme inajifunga tena. Sasa wewe unaitoa, unaichomeka kwenye kompyuta, inatambulika jina na ukubwa wake vizuri kabisa, halafu kila sekta unayosoma inarudisha kosa, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Mtu anasema imekufa, anaitupa. Haijafa, imefungwa. Dalili ya kuwatofautisha: iliyooza inasoma hapa inakwama pale, na mara nyingi inatoa sauti. Iliyofungwa inakataa kote, kwa haraka, na kwa utulivu.

Kuna wanaoiacha redio iifungue kwanza, kisha wanahamisha kebo ya data kwenda kwenye kompyuta umeme ukiwa bado umo. Mzee unalionaje hilo?

Mzee wa Nyaya

Zege, silishauri kwa diski ya pini 44, yaani IDE ya inchi 2.5. Pale data na umeme vinapita kwenye kichwa kimoja. Volti 5 ziko pini ya 41 na 42, jirani kabisa na pini za data. Ukipindisha soketi kidogo tu wakati kuna umeme, umeua bodi ya diski, pengine na ya redio. Kwa SATA umeme na data vina plagi mbili, kuna waliofanikiwa, lakini unachezea nakala pekee.

Ndiyo maana hdparm -I inatangulia kwenye amri zangu. Shuka chini kabisa kwenye neno Security. Ukiona "not enabled" na "not locked", shukuru, endelea. Ukiona "enabled" na "locked" bila ile "not" mbele, simama hapo. Mtafute fundi mwenye kifaa cha kusoma chipu ya kumbukumbu ya redio ya aina yako, kwa baadhi ya redio nywila inatolewa humo. Na muulize swali la pili kabla hujamlipa: je, redio hii inataka diski mpya nayo iwe na kufuli lilelile? Kama ndiyo, adapta utakayotumia lazima ipitishe amri za kufuli, na siyo zote zinapitisha.

Angalizo dogo: adapta za USB za bei ya chini mara nyingi hazipitishi amri ya hdparm, zinaleta majibu ya ovyo au kimya. Ukipata kompyuta ya zamani ya mezani yenye soketi ya IDE, itunze.

Nuru_K

Mzee shikamoo. Nimefungua ya kwangu, ni pini 44 kama unavyosema, diski ya GB 40. Nimeona watu wanatumia kadi ya CompactFlash na wengine mSATA (SSD ndogo kama kadi) yenye adapta. Nichague ipi? Na nimeona SSD zenye kasi ya ajabu, nisije nikanunua kitu cha kawaida nikajuta.

Mzee wa Nyaya

Marahaba Nuru. Kasi sahau kwanza. IDE ya pini 44 kwenye redio hizi kikomo chake cha juu kabisa ni MB 100 kwa sekunde, na redio nyingi haziufikii. Utakachohisi ni kitu kingine: diski ya mizunguko 4,200 inasubiri wastani wa milisekunde 7 sahani ijizungushe tu, bado hujaongeza muda wa kichwa kutembea. SSD hiyo kazi haina. Kwa hiyo orodha ndefu ya nyimbo na kutafuta mtaa kwenye ramani vitachangamka. Kuwaka kwa redio kutabadilika kidogo, maana prosesa ni ileile ya zamani na ndiyo inayochelewesha.

Sasa CompactFlash. Uzuri wake ni kwamba kwa asili inaongea IDE, adapta yake ni nyaya tu, hakuna chipu ya kutafsiri katikati. Ubaya uko sehemu mbili. Kwanza, kadi nyingi za kamera zinajitambulisha kama kitu cha kuchomoa na kuchomeka, siyo diski ya kudumu, na kuna redio zinazokataa kwa sababu hiyo pekee. Kadi za viwandani zinajitambulisha kama diski ya kudumu, tafuta hizo. Pili, adapta nyingine wameacha kuunganisha zile nyaya mbili za DMA (njia ya kupitisha data bila kuisumbua prosesa) ili kubana gharama. Redio inajaribu kuongea kwa DMA, haipati jibu, inaganda. Igeuze adapta uangalie: pini ya 21 na ya 29 ziwe na njia ya shaba inayofika kwenye soketi ya kadi. Ukiona pini hizo zimekaa peke yake, rudisha dukani.

Na hesabu sekta, usiamini namba ya kwenye boksi. Diski nyingi za GB 40 zina sekta 78,140,160. Kadi ya GB 32 haitoshi hata ukiipenda. GB 64 inatosha kwa raha. Usivuke GB 128 bila sababu, redio za zamani zinaweza kuhesabu hadi GB 137 tu na kuchanganyikiwa zaidi ya hapo.

mSATA yenye adapta inafanya kazi vizuri pia, na inapatikana kirahisi zaidi. Lakini pale katikati kuna chipu ya kutafsiri SATA kuwa IDE, na chipu hiyo inahitaji muda wa kuamka. Redio nyingi zinasubiri kwa uvumilivu kwa sababu zilizoea diski inayochukua sekunde kadhaa kushika mzunguko. Chache hazisubiri. Ukipata SSD ya IDE yenyewe, ya pini 44 bila adapta, hiyo ndiyo ningeichukua mimi, hata kama ni ya GB ndogo na kasi ya kinyonge.

Chuma Chakavu

Hapa ndipo nakataa. Mnamuuzia dada wa watu SSD ya laptop iende ikakae nyuma ya dashibodi? Diski ya zamani ilikuwa ya nyuzi 85. SSD ya kawaida imeandikwa 0 hadi 70. Gari lililofungwa vioo juani, dashibodi inaweza kuvuka hapo. Na SSD isiyo na umeme kwenye joto inasahau data, kuna viwango vya JEDEC (shirika la viwango vya chipu) vinasema mwaka mmoja tu.

Mzee wa Nyaya

Chuma, nusu ya unayosema nakubali, nusu nakataa.

Joto ni kweli. Kama bajeti inaruhusu, chukua ya viwandani iliyoandikwa nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na kufungua dashibodi mara ya pili. Pia ukiwa umefungua, ipulize feni ya redio vumbi na uizungushe kwa kidole. Ikikwaruza, badilisha. Redio zenye feni iliyokwama zinapika kila kitu ndani, SSD isipewe lawama ya feni.

Hilo la JEDEC linasomwa vibaya kila mahali. Ule mwaka mmoja kwa nyuzi 30 ni wa SSD ambayo tayari imeandikwa mpaka imemaliza uhai wake wote wa kuandikwa, ndipo ikazimwa na kuwekwa kabatini. SSD ya redio ya gari inasomwa sana na kuandikwa kidogo mno. Haiko karibu na hali hiyo. Gari likiegeshwa mwaka mzima juani ni habari nyingine, ila hapo una betri na matairi ya kuhangaikia kwanza. Na nakala.img unaitunza kwenye kompyuta, siyo?

Ninachoogopa zaidi ya joto ni umeme kukatika ghafla. SSD inatunza jedwali linalosema kila sekta iko kwenye chipu ipi. Umeme ukikatika ikiwa inaliandika jedwali hilo, zile za bei chee zinaweza kuamka hazijitambui. Kwa kawaida redio inabaki na umeme dakika kadhaa baada ya kuzima gari ili ijifunge vizuri, kwa hiyo iache redio imalize, usikimbilie kuchomoa betri. Betri iliyochoka inayoshuka chini kabisa ukipiga stata, ibadilishe kabla ya kuweka SSD.

Chuma Chakavu

Sawa, la JEDEC nimekuelewa. Ila msiwaambie watu SSD haifi. Tesla waliweka eMMC (chipu ya kutunza data iliyochomelewa kwenye bodi) ya GB 8 kwenye Model S na Model X za mwanzo, ile kompyuta ikawa inaandika logi (kumbukumbu za matukio) bila kupumzika mpaka chipu ikaisha. Mwaka 2021 Marekani yaliitwa kurudi kurekebishwa magari karibu 135,000 kwa sababu hiyo, skrini inazima na kamera ya nyuma inaondoka nayo.

Mzee wa Nyaya

Mfano mzuri sana huo, na unaonyesha kinachoua: kuandika. Redio za HDD tunazozungumzia zilibuniwa bila kuogopa kuandika, kwa hiyo kuna chache zenye tabia hiyo ya logi. Ndiyo maana napendelea SSD yenye nafasi ya ziada kuliko ile iliyokaba sekta kwa sekta. Ile ziada ambayo redio haiijui ndiyo SSD inayoitumia kusambaza uchakavu.

Nuru_K

Nimeendesha hdparm. Inasema "not enabled", "not locked", lakini chini yake imeandikwa "frozen" bila "not". Hii ndiyo kufuli la Zege? Nimesimama hapo sijagusa kitu.

Zege

Hapana dada, hilo ni la kompyuta yako siyo la redio. BIOS (programu inayoiamsha kompyuta) nyingi zinagandisha sehemu ya nywila kila kompyuta inapowaka, ili virusi visije vikaweka nywila kwa siri. Haizuii kusoma. Endelea na ddrescue.

Nuru_K

Asante. Imesoma karibu yote, imebakiza vipande vichache karibu na mwisho wa diski ambavyo havitaki hata kwa ile amri ya tatu. Nimeandika nakala kwenye mSATA ya GB 64, nimefunga, redio inasema hakuna diski. Nikizima na kuwasha tena bila kuchomoa, inaiona! Nikiliacha gari usiku, asubuhi tena hakuna diski.

Mzee wa Nyaya

Hapo umejijibu mwenyewe bila kujua. Ya asubuhi ni ile chipu ya adapta kuchelewa kuamka. Ukizima na kuwasha haraka, chipu bado ina umeme, ndiyo maana inaonekana. Kabla hujabadilisha adapta angalia jampa yake (kiplagi kidogo cha kuchagua nafasi ya diski): iwe kwenye master (diski kuu), isiwe slave (diski ya pili) wala ile ya kuchagua kwa kebo. Redio zenye diski moja hupoteza muda kutafuta master asiyekuwepo, na adapta nyingine zinatoka kiwandani zikiwa slave.

Nuru_K

Ilikuwa kwenye kuchagua kwa kebo. Nimeipeleka master, leo asubuhi imewaka yenyewe. Ramani ipo, simu imeunganika, nyimbo zipo isipokuwa folda moja ambayo nyimbo zake zinaruka katikati.

Zege

Hivyo ndivyo vile vipande vilivyogoma. ddrescue haikupata data yake. Bahati yako vimeangukia kwenye nyimbo. Vingeangukia kwenye programu ya redio, stori ingekuwa nyingine. Futa folda hiyo kupitia redio yenyewe na uzipakie upya.

Nuru_K

Swali la mwisho wakuu. Diski ilikuwa GB 40, SSD ni GB 64. Naweza kuipanua ile sehemu ya nyimbo nipate GB 24 zaidi?

Mzee wa Nyaya

Usiiguse. Mpangilio wa sehemu za diski umeandikwa na redio kwa namna yake, programu za kompyuta za kupanua hazijui QNX, na redio yenyewe mara nyingi imepewa mipaka ndani ya programu. Hizo GB 24 ndiyo ile ziada niliyomwambia Chuma. Nyimbo za ziada weka kwenye flashi ya USB kama redio yako ina soketi.

Ile diski ya zamani itie kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, andika tarehe, uifungie kabatini. Ina namba za simu zote ulizowahi kuunganisha na anwani ya nyumbani kwako kwenye ramani, kwa hiyo siku ukiamua kuitupa itoboe sahani zake kwa drili kwanza.